Kava la Kalenda

Habari ilifika kantini kabla maandazi hayajapoa: kitabu cha Upimaji katika Elimu kimepotea! Kile cha kijani, nakala moja tu chuo kizima, na jaribio ni Jumatatu! Na aliyekuwa zamu maktaba kilipopotea ni nani? Aikande. Yule Aikande Mbise wa mwaka wa pili, mtoto wa kijiji cha Kikwe, anayevaa kitambulisho cha maktaba shingoni hata akienda kufua.

Watu wanadhani kazi ya maktaba ni kukaa kivulini na kunyamazisha wenzako. Hawajui. Ni kusukuma toroli lenye gurudumu moja bovu, kurudisha vitabu kwenye rafu, kupanga namba mpaka unaziota. Lakini Aikande aliipenda kazi ile. Aliiomba mara tatu ndipo akaipata, na ndiyo iliyokuwa inamlipia kitanda cha hosteli. Bila hiyo angerudi kukaa kwa shangazi yake, mtaa wa Sakina, ukuta mmoja na gereji, nyundo toka asubuhi mpaka giza, na hapo usome nini? Shangazi mwenyewe alishamwambia: "Mwanangu, hapa hata kusali tunapiga kelele ili Mungu atusikie."

Jumanne asubuhi Madam Agnela, mkuu wa maktaba, akamwita ofisini. Mama mmoja mwembamba, Mchaga wa Kibosho, hapazi sauti hata siku moja, na ndiyo maana watu wanamwogopa. Akafungua daftari la vitabu vya kusomea humo humo, vile ambavyo mtu anapewa saa mbili tu, kisha anarudisha kaunta. Akaweka kidole.

"Sahihi ya nani hii?"

"Yangu, madam."

"Imeandikwa nini?"

"Kimerudi. Jana, saa tisa na robo."

"Kikarudi wapi?"

Kitabu kama kile hukiweki kwenye toroli. Kinaingia kabati la nyuma ya kaunta, unafunga na ufunguo, basi. Lakini jana saa tisa na robo rafiki yake Najat alikuwa mlangoni anapunga mikono kama anasimamisha basi, ana habari ya moto, dada yake kachumbiwa! Aikande akakiacha kitabu juu ya toroli, dakika tano tu. Aliporudi toroli lipo, kitabu hakipo.

Akasema ukweli wote, mpaka uchumba wa dada yake Najat. Madam Agnela alisikiliza bila kupepesa.

"Nimekuelewa. Sasa na wewe unielewe. Unasoma somo hilo hilo. Rafiki zako wanasoma somo hilo hilo. Kesho ukiniletea kitabu, ukasema umekiokota, mimi kamati nitaiambia nini? Kwamba kilitoka matembezini?"

"Lakini madam..."

"Ijumaa saa nne. Niletee kitabu pamoja na aliyekificha. Kitabu peke yake sikitaki. Kikija peke yake, nafasi hiyo nampa mwingine."

Tabia ya kuficha vitabu kila mtu pale anaijua. Mtu haibi, hapana. Anakichukua kitabu kinachogombaniwa, anakihamishia rafu ambayo hata mende hawapiti, halafu kila siku anakuja kukisoma kwa raha zake. Kwa hiyo Aikande hakuwa na shaka kwamba kitabu kimo humo humo ndani. Wakaanza kutafuta, yeye na Najat, ambaye hatia ilimfanya apige magoti kuchungulia chini ya kila kabati. Calvin wa darasani kwao naye akajiunga, kazi yake kubwa ikiwa kuongea.

"Najat, si ulikipiga picha na simu?"

"Sura mbili tu, simu ikajaa. Nina video za harusi humu kama zote."

"Futa harusi."

"Nifute ndugu zangu? Futa wewe mechi zako, timu yenyewe inafungwa kila wiki."

"Sawa," Calvin akasema, "lakini mwizi tumtafute kwa akili. Mimi namshuku kila mtu isipokuwa Ticha. Ticha akiiba hata peni, Mlima Meru utahamia Dodoma."

Wakacheka. Ticha ni Mwalimu Elihuruma, mwanafunzi mwenzao. Ana miaka hamsini na tatu, na thelathini kati ya hiyo amefundisha shule ya msingi kule kule Kikwe. Yeye ndiye aliyemshika Aikande mkono akaandika herufi yake ya kwanza. Sasa amekuja kutafuta digrii kabla hajastaafu. Anakaa dawati la mbele, mgongo wima, kamusi pembeni imefungwa kwa mpira wa baiskeli isije ikaachia kurasa.

Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa umefika mpaka kwenye madirisha ya maktaba. Aikande alikuwa zamu peke yake. Akasukuma toroli mpaka rafu ya mwisho kabisa, ya taarifa za kahawa za miaka ya themanini, ambazo tangu aanze kazi hajaona mtu akizigusa. Majalada yote yalikuwa na vumbi. Isipokuwa moja. Jeupe, safi.

Akalivuta. Akafunua pembeni kidogo. Upande wa ndani wa ile karatasi nyeupe kulikuwa na mahindi ya rangi na siku za mwezi wa Machi: kalenda ya zamani ya duka la pembejeo. Na ndani ya kalenda, kijani.

Weee! Moyo uliruka. Halafu ukasimama pale pale, kwa sababu macho yalishaona pembe.

Pembe za lile kava zilikunjwa pembetatu, zikakunjwa tena, kisha ncha ikasokomezwa ndani ya mkunjo wa jirani yake. Hakuna gundi. Hakuna selotepu. Aikande aliwaona watoto sitini wa darasa la tatu wameinamia madaftari yao, wanapiga pasi mikunjo kwa kucha, na sauti inapita katikati ya madawati: "Gundi inaita mende. Taratibu, taratibu. Kitabu ni mgeni, na mgeni halazwi bila blanketi." Pembe zile alifundishwa yeye. Chuo kizima, nani mwingine angezijua, isipokuwa aliyemfundisha?

Na mwizi gani anakificha kitabu, halafu anakionea huruma kisishikwe na vumbi?

Katikati ya kurasa kulikuwa na karatasi. Kushoto maneno ya Kiingereza, kulia maana zake kwa Kiswahili, mwandiko mkubwa wa ubaoni. Aikande akayahesabu. Arobaini na moja. Akaangalia kurasa yalikotoka. Nne.

Alikaa sakafuni kabisa, mgongo kwenye kahawa. Kurasa nne. Miaka thelathini mtu anafundisha kila kitu kwa Kiswahili, hesabu, sayansi, jiografia, anaijua dunia nzima kwa Kiswahili, halafu anakuja mahali wanamwambia aanze kuijua upya. Na wanampa saa mbili.

Akakirudisha kitabu pale pale alipokikuta.

"Umekiona?!" Najat alipiga ukelele mchana, Aikande akamziba mdomo. "Nani sasa? Mtaje!"

"Sitaji."

"Aikande, usiniletee utakatifu. Wewe ukinyamaza, wewe ndiye mwizi. Ni bibi yako huyo mtu? Ni mpenzi wako?"

"Angekuwa mpenzi wangu ningeshamtaja juzi."

Najat akacheka bila kutaka, kisha akashika kichwa. "Utaenda Sakina, shoga yangu. Utasoma na nyundo."

Aikande alijua. Alikuwa amegeuza jambo hilo kila upande kama chapati. Kumtaja ilikuwa rahisi, jina moja tu. Lakini jina lenyewe lilikuwa la mtu ambaye mpaka leo Aikande akikutana naye njiani Kikwe anashuka kwenye baiskeli ndipo amwamkie. Kwao, mtu mzima huendi ukamwambia umekosa. Unampelekea jambo, unaliweka mbele yake, unasubiri alione mwenyewe. Na kama asipotaka kuliona?

Akaenda kantini, akaomba kalenda kuukuu iliyokuwa ukutani. Akachukua daftari lake jipya.

Mwalimu Elihuruma alikuwa kwenye benchi nje ya maktaba, anakula ndizi za kuchemsha kutoka kwenye hotipoti aliyofungashiwa na mkewe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekula?"

"Nimekula."

"Huo ni uongo wa heshima. Chukua." Akampa ndizi kwenye kifuniko.

Aikande akala, kisha akaweka daftari na kalenda kwenye benchi, katikati yao. "Mwalimu, naomba uniwekee kava. Pembe nimezisahau."

Mzee akacheka. "Mwaka wa pili chuo kikuu, umesahau pembe!" Akafuta mikono vizuri kwenye leso, akatandaza kalenda kwenye mapaja, upande mweupe chini. Akakunja pembe ya kwanza. Akakunja ya pili. Kwenye ya tatu mikono ikapunguza mwendo. Akaitazama kalenda. Akakitazama kile kitambulisho cha maktaba shingoni mwa Aikande. Mikono ikasimama.

Wanafunzi walikuwa wanapita wanacheka, mmoja akasema "Mambo, Ticha," na hakujibiwa.

"Umekiona lini?"

"Leo asubuhi."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna anayejua kava ni la nani, mwalimu." Aikande aliongea na viatu vyake. "Ila Madam anasema ni mimi. Amenipa mpaka kesho saa nne. Nisipompeleka mtu, kazi yangu inaisha, na kitanda..."

"Wewe?" Mzee aligeuka mzima mzima. "Wanasema ni wewe?"

Hakujua. Kantini haendi, yeye alidhani kimepotea kitabu tu, na vitabu hupotea, na angekirudisha Jumatatu kikiwa safi kuliko alivyokikuta.

"Saa mbili, Aikande," akasema baadaye, taratibu. "Ninyi mnasoma kama mnakunywa maji. Mimi natafuna. Nikiinua kichwa, msichana wa kaunta ananyoosha mkono, saa zimeisha." Akaitazama kalenda mapajani. "Watoto waliokuwa wanaficha kitabu cha darasa, unakumbuka nilikuwa nawafanya nini?"

"Unawasimamisha mbele."

"Nawasimamisha mbele."

Akaikunja pembe ya tatu, akaikunja ya nne, akazipiga pasi zote kwa kucha ya dole gumba. Akampa daftari lake. Hakusema atafanya nini, na Aikande hakuwa na ujasiri wa kuuliza.

Ijumaa Mwalimu Elihuruma hakuonekana darasani. Dawati la mbele tupu! Saa nne kasoro dakika tano Aikande alikuwa ofisini kwa Madam Agnela. Alishaamua ataongea nini: namjua, lakini jina siwezi. Alijua pia maneno hayo yatampeleka wapi. Alikuwa anazisikia nyundo.

"Nakusikiliza," alisema Madam.

"Madam, mimi..."

Hodi ikapigwa. Mwalimu Elihuruma aliingia amevaa suti ya bluu, ile ya mahafali ya darasa la saba ambayo Kikwe nzima inaifahamu. Kitabu amekikumbatia kifuani, kikiwa bado na kava lake.

"Shikamoo, baba," Madam Agnela alisema kabla hajaelewa anachokiona.

"Marahaba. Nimekuja kusimama mbele." Akakiweka kitabu mezani kwa mikono miwili. "Nilikichukua mimi kwenye toroli, Jumatatu. Binti huyu hana kosa, isipokuwa kunisitiri siku moja."

Madam alimtazama mzee, akatazama kava, akapitisha kidole kwenye pembe moja. Kisha akafungua droo, akatoa sheria za maktaba, na akazisoma kwa sauti yake ile ile ya chini. Anayeficha kitabu haingii maktaba mpaka muhula uishe. Alipofika mwisho aliendelea kuitazama karatasi, kama mtu anayetafuta mstari mwingine chini yake.

"Sheria ni sheria, mwalimu."

"Ndivyo nilivyokuwa nawaambia wanangu."

"Na wewe Aikande. Toroli ni toroli, kabati ni kabati."

"Ndiyo, madam."

"Nenda kakiweke."

Akakichukua. Hakuambiwa alivue kava, na hakulivua.

Jumamosi, Najat akiwa bado anasimulia hosteli nzima habari ya ile suti, Aikande aliomba kitabu kama mwanafunzi mwingine yeyote, akakisoma saa zake mbili mbio mbio, akatoka nje. Mwalimu Elihuruma alikuwa kwenye lile benchi, kamusi pembeni, anasubiri. Walishakubaliana: yeye hawezi kuingia, basi kitabu kitatoka kwa mdomo.

"Umesoma kurasa ngapi?"

"Thelathini!"

"Vizuri. Nisimulie."

Aikande akaanza, Kiingereza kinateleza, maneno ya kitabu yanafuatana kama shanga. Mzee akainua mkono.

"Kwa Kiswahili. Kama unamweleza bibi yako."

"Rahisi. Kipimo cha kuaminika ni kile ambacho... ni kipimo ambacho ukikipima..." Akasimama. Akajaribu mlango mwingine. "Yaani, mwalimu, maana yake ni kwamba..." Zile kurasa thelathini alizokuwa nazo mdomoni sasa hivi zilikuwa zimekwenda wapi? Zote alikuwa amezimeza nzima nzima, na hata moja haikuwa yake.

Mwalimu Elihuruma hakucheka. Alifungua karatasi yake ya maneno arobaini na moja, akaikunjua kwenye goti, akaipiga pasi kwa kiganja.

"Rudi ndani," akasema. "Soma kurasa nne."

Aikande akarudi kaunta, akatia sahihi, akapewa kitabu kilichovaa kalenda. Akakaa karibu na dirisha, mahali ambapo benchi linaonekana, akafungua ukurasa wa kwanza, na safari hii akaanza kutafuna.