Mpagazi Hafungui Mzigo

Pale mtaani Cheyo, mtu aliyetaka habari yake ifike mbali hakuhitaji simu. Alipita kwenye kibaraza cha Spesioza, akainama karibu na cherehani, akaisema kwa sauti ya chini na kuongeza, "Ila usimwambie mtu." Kufika jioni habari ilikuwa imeshavuka reli. Watu walimpa jina la Redio Mbao, naye aliliitikia, maana hakuwa mtu wa kununa. Roho mbaya hakuwa nayo hata chembe. Alikuwa tu na ulimi usiojua kulala, na jambo likishamjaa moyoni aliona kama ni dhambi kulila peke yake.

Hata hivyo lilimuuma. Tangu ile semina ya akina mama parokiani, mhubiri aliposema kwamba kila mbatizwa amepewa karama na siku moja ataulizwa aliifanyia nini, Spesioza hakupata raha. Wenzake walizijua za kwao. Magreth akiimba, hata waliosinzia waliamka. Spesioza alijaribu kwaya, mwalimu akamwomba kwa upole awe anafungua mdomo bila kutoa sauti. Akajaribu kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Watoto walimpenda kupita kiasi, ila walipokuja kuulizwa amri za Mungu walizichanganya, huku visa vyote vya Ulyankulu, makazi ya wakimbizi wa Burundi alikozaliwa mwalimu wao, wakivijua kwa kichwa. Mwishowe alipewa kazi ya kufua vitambaa vya altare, kwa kuwa vitambaa havisikii.

"Bwana, nami si uliniita?" alikuwa akisali kila asubuhi huku akitia uzi kwenye sindano. "Basi nionyeshe la kufanya. Na huu ulimi ufunge."

Mumewe Doto, Mnyamwezi mpole aliyestaafu kazi ya reli, alimsikia siku moja akacheka. "Akiufunga huo, mimi nitazungumza na nani?"

Nyumba ya jirani aliishi Irakoze, muuza vitenge. Mwaka huo alimleta baba yake, mzee Gervasi, kutoka Ulyankulu, baada ya kiharusi kumlaza. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, kikachukua na Kiswahili chote. Kirundi peke yake ndicho kilichobaki, na daktari alisema hutokea hivyo kwa baadhi ya wagonjwa. Tatizo ni kwamba Irakoze Kirundi hakukijua. Alipokuwa mdogo, hata shule hajaanza, baba yake alimleta hapa mjini, mtaa wa Kanyenye, kwa Bi Mwanamkuu, mfanyabiashara, awe anamshikia mtoto na kuosha vyombo. Alimwambia atarudi kumchukua tumbaku ikishauzwa. Tumbaku ikauzwa, na misimu mingine ikapita, na mzee hakuonekana. Bi Mwanamkuu alimlea kama wa tumbo lake. Alimsomesha, na Jumapili, yeye Mwislamu wa kufunga na kuswali, alimsuka nywele mwenyewe ili aende kanisani akiwa nadhifu. Lugha ya kwao ikampotea mtoto kidogo kidogo, kama maziwa ya mama yanavyosahaulika.

Kaka zake walibaki nyumbani na baba yao, lakini ugonjwa ulipokuja wakasema hawana nafasi. Irakoze akampokea. Alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza asipate vidonda, yote bila neno. Maneno yenyewe wangeyatoa wapi? Na lile aliloweza kuuliza kwa Kiswahili miaka ile baba yake alipokuwa mzima, wakikutana misibani, hakuwahi kuliuliza.

Spesioza alipokwenda kumjulia hali mzee alisema, "Amahoro, mutama," yaani amani, mzee, na mzee akaanza kulia. Basi akavuta kigoda. Akamsimulia Ulyankulu nzima, nani kaoa, nani kazikwa, mihogo ya nani imeliwa na ngiri, mpaka mzee akacheka kwa upande mmoja wa uso. Irakoze, aliyekuwa uani akiosha sufuria, alisikia kicheko hicho akasimama kidogo, kisha akaendelea kuosha. Tangu siku hiyo Spesioza alikwenda kila mchana, na mzee alianza kuutazama mlango kabla hajafika.

Ndipo mzee akaomba kuungama.

Padri Masolwa alikuwa mgeni parokiani, kijana kutoka upande wa Shinyanga, na Kirundi hakujua hata salamu. Alieleza kwamba kwa hali ya mgonjwa angeweza kumwondolea dhambi hata bila maneno. Spesioza akalifasiri hilo, na mzee akatikisa kichwa. Alitaka kusema. Padri akafikiri, kisha akasema Kanisa huruhusu mfasiri, mradi mgonjwa akubali mwenyewe na mfasiri aibebe siri ile mpaka kaburini. Mzee akainua mkono wake mzima akamwelekezea Spesioza.

Irakoze akamwita padri uani. Spesioza akafuata, na Irakoze hakumficha. "Baba Padri, huyu? Huyu ndiye aliyetangaza posa ya binti yangu kabla sijaambiwa mimi mwenyewe. Ya baba yangu si yataamkia sokoni?"

Spesioza alisikia uso ukimuwaka. "Ni kweli," alisema. "Tafuta mwingine, Baba Padri. Katika maisha yangu sijawahi kulaza neno likaamka ndani." Aliogopa kwelikweli. Aliona mzee akifa na mzigo wake kwa sababu mdomo pekee uliopatikana ulikuwa huu wake, na aliona pia kwamba akiusema mzigo huo nje, hata mara moja, hatakuwa na uso wa kumtazama Mungu.

Padri hakumhubiria. "Mama, babu wa babu yangu alikuwa mpagazi," alisema. "Alipita hapa hapa na mizigo ya watu akienda pwani. Kwetu husimuliwa kwamba alikuwa mwongeaji kuliko wote, njia nzima anaimba na kusimulia, wenzake wasahau uchovu. Lakini mpagazi hafungui mzigo. Anapokea huku, anatua kule. Mungu leo hatafuti bubu, anatafuta anayeweza kusema. Wewe pokea, utue, basi."

Irakoze alitazama chini. Akasema, "Mzee amemchagua. Mimi ni nani." Akawafungulia njia.

Yaliyosemwa chumbani humo hayamo katika hadithi hii, na msomaji asiyatafute. Yalipokewa kwa Kirundi, yakatuliwa kwa Kiswahili, na padri akayafikisha kwa Mungu. Spesioza alitoka akanawa uso kwenye ndoo ya uani, akaenda kwake bila kumsalimu mtu, na hilo peke yake lilitosha kuamsha mtaa.

Wiki ile alipata wateja. Mama mmoja alileta gauni lisilo na kasoro apunguziwe kiuno, mwingine alikuja kupimwa blauzi ya kitambaa ambacho hajanunua. Wote, katikati ya kupimwa, walikuwa na swali. Spesioza aliwahadithia bei ya uzi, nyuki waliovamia darasa, harusi ya Kaliua iliyokosa bwana harusi kwa sababu ya treni. Waliondoka wameshiba maneno, na walipofika kwao ndipo walipogundua kwamba hawakupata kitu. Hata Doto alishindwa kujizuia mezani.

"Mzee alisema nini lakini?"

"Maharage yameiva?" Spesioza aliuliza.

Doto akaacha kutafuna, akamtazama mkewe. Kisha akasema maharage yameiva vizuri sana, na hakuuliza tena.

Ila mtihani wenyewe haukuwa hao. Ulikuja Jumamosi mchana, Irakoze alipokaa kwenye benchi la kibaraza, kanga kajifunga vibaya, macho mekundu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Sitaki yote. Nataka neno moja tu. Alinitaja?"

Cherehani ikasimama. Umbea Spesioza alikuwa ameshauzoea, sasa aliweza kuufukuza kwa hadithi ya nyuki. Hili halikuwa umbea. Mwanamke huyu alikuwa akimgeuza baba yake kitandani usiku na mchana, na moyo wake ulikuwa na njaa tangu utotoni. Neno moja lingempoza, au lingemwua, lakini angalau angejua. Spesioza alimhurumia, na akatamani kusema kuliko alivyowahi kutamani siku yoyote.

"Siwezi kukuambia ndiyo," alisema, "na siwezi kukuambia hapana."

"Leo ndiyo umejua kunyamaza," Irakoze alisema polepole. "Dada Spesioza, leo?" Akainuka.

Spesioza alijua kwamba akimwacha aende hivyo, urafiki umekwisha, na pengine mengine makubwa zaidi. Akamkamata mkono. "Subiri. Ya padri ni ya padri. Lakini wewe unalo lako, na hujawahi kumuuliza. Kirundi ninacho. Nitakubebea kwenda, nitakubebea kurudi. Muulize mwenyewe."

"Asipojibu?"

"Utakuwa umeuliza."

Wakaingia. Mzee alikuwa macho. Irakoze alisimama miguuni pa kitanda, mikono ameikunja kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Muulize," alisema, kisha akajisahihisha, akamgeukia mzee. "Baba, kwa nini hukurudi tumbaku ilipouzwa?"

Spesioza akalibeba. Mzee alifumba macho. Alipoanza kusema alikwenda kwa mafungu, akipumzika, na Spesioza akatua kila fungu kabla ya kupokea jingine, bila kuongeza lake.

"Nilirudi. Nilisimama ng'ambo ya barabara, Kanyenye. Ukatoka dukani umevaa sare ya shule, na viatu. Mimi nilikuwa peku. Tumbaku ilikuwa imelipa deni tu. Nikajua nikikuchukua nitakuvua viatu."

"Viatu gani?" Irakoze aliuliza.

"Vyeusi. Vina kifungo pembeni."

Irakoze akashika ukingo wa kitanda.

"Kukuacha pale sijutii," Spesioza aliendelea kwa sauti ya mzee. "Kosa langu ni kuondoka bila kuvuka barabara. Ningekusalimu. Ningekuambia. Mwaka uliofuata niliona aibu, na uliofuata aibu ikawa kubwa zaidi, mpaka ikanishinda. Ulinipokea wewe niliyekuacha. Nisamehe, mwanangu."

Irakoze alifungua mdomo, na lililotoka halikuwa Kiswahili. "Dawe," alisema. Baba. Huenda lilikuwa ndilo neno pekee lililosalia humo ndani, limekaa miaka yote likisubiri kazi. Mzee akanyoosha mkono wake mzima, na binti akaupokea akaketi. Hapo hapakuwa tena na mzigo wa kubeba. Spesioza akatoka taratibu.

Alipokuwa mlangoni pa uani Irakoze alimfuata mbio. "Dada, hayo ndiyo aliyomwambia Padri?"

"Ya Padri niliyatua kwa Padri," Spesioza alijibu. "Haya ni yako."

Irakoze alimtazama, kisha akamkumbatia kwa nguvu hata kanga ikaanguka. Spesioza alilia na kucheka kwa pamoja. Alifurahi, tena bila kiasi. Miaka yote alikuwa akimwomba Mungu aufunge ulimi ule, na Mungu alikuwa akiuwekea akiba, Kirundi chake chote na porojo zake zote, kwa ajili ya mzee mmoja na binti yake. Jioni ile sala yake ilikuwa neno moja, asante, na kwa mara ya kwanza alikosa la kuongeza.

Mzee Gervasi aliishi hadi mvua za kwanza. Binti yake alijifunza Kirundi cha kutosha kumuuliza kama amelala vizuri na kumwambia uji umepoa. Bi Mwanamkuu alikuja msibani akaketi na wafiwa mpaka mwisho. Baadaye wazee wengine wa Ulyankulu na Urambo waliolazwa mjini walianza kumtafuta Spesioza, huyu wa kufasiriwa kwa daktari, yule wa kuungama, na Padri Masolwa akawa akimpitia kwa pikipiki bila kutoa taarifa. Kazi ya vitambaa vya altare akapewa mtu mwingine. Redio Mbao hakuacha kuongea. Habari za bei, treni na nyuki bado zinavuka reli kabla ya jioni.

Juzi Irakoze alipita kibarazani akaketi karibu na cherehani. Aliinama, akamweleza jambo zito la nyumbani kwake, kwa sauti ya chini, mpaka mwisho. Spesioza alisubiri amalizie kama watu wote wanavyomalizia, "Ila usimwambie mtu." Irakoze akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaaga. Hakuongeza neno.