Mita Kumi na Nne

Dada yangu alinipigia simu saa tatu asubuhi, kazi ikiwa imenifika shingoni. Yeye ni mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, na uwanja wa shule yake ndio niliouonyesha kwenye ramani kuwa mahali pa kukimbilia tsunami ikija. Mita kumi na nne juu ya bahari. Mishale ilikuwa imeshapakwa rangi mitaani, yote ikielekea kwake, na ubao wa kimbilio ulisimikwa getini pake.

"Mdogo wangu, kilima gani hiki maji yanatuama? Mvua ilinyesha juzi, watoto bado wanakanyaga matope."

Nilitaka kumkata kauli, maana dada huyu haishiwi malalamiko. Lakini mkono ulishafungua picha ya setilaiti. Shule imezungukwa na mivinje. Setilaiti ilipima vilele vya miti, nami, mjuaji wa wajuaji, nikaviandika kuwa ni ardhi. Nilipotoa urefu wa miti, zilibaki mita tatu.

Nikaenda kwa mkuu wetu wa kitengo cha ramani. Hakuinua hata macho.

"Ramani imeshasainiwa. Andika barua, tutaijadili wiki ijayo."

"Kwani bahari imekuahidi wiki ijayo?"

Kabla hajanijibu, vikombe vilianza kugongana mezani. Kabati likasogea lenyewe. Ardhi ilitikisika mpaka nikadhani haitaacha, kisha ving'ora vikalia. Kwa hesabu zetu wenyewe, tulikuwa na dakika thelathini na tano kabla ya mawimbi kufika.

Simu ya dada iliita mara nne bila kupokelewa. Ya tano akapokea.

"Tuko salama, tumekaa uwanjani kama ramani yako inavyosema. Na watu wanazidi kuingia."

"Dada, tokeni hapo. Wapeleke wote juu mlimani, penye tangi la maji."

"Lakini ubao wako getini..."

"Nilikosea. Nilipima miti. Nisamehe, tokeni."

Kisha nikasikia sauti yake ya darasani: "Wanangu, shikaneni mikono." Simu ikakatika.

Saa mbili nzima sikujua kama nina dada au sina. Mkuu alinisogezea kiti, sikukikalia. Nilikuwa na hasira naye, lakini jina lililoandikwa chini ya ile ramani lilikuwa langu.

Hatimaye dada akapiga mwenyewe. Watoto sitini na wawili walikuwa mlimani penye tangi, na majirani pia. Maji yalifika kwenye madirisha ya madarasa. Mlinzi wa geti peke yake ndiye aliyegoma kuondoka. Aliuonyesha ubao kwa kidole, akasema wataalamu wameshapima.

Niliuliza kama yu hai. Dada akajibu.

"Yuko juu ya mvinje, kileleni kabisa. Anasema hashuki mpaka aje mwenye ramani."

Nilibeba ngazi na kamba ya kupimia. Nilimkuta amekumbatia tawi, miguu inaning'inia. Nilipima kutoka alipokaa hadi chini, nikajumlisha na zile mita tatu. Zilitimia kumi na nne.