Kichwa cha Samaki

Samaki alikuwa mzima, kuanzia mdomo hadi mkia, na alikuwa akimtazama yeye. Anastasia alisogeza kiti pembeni kidogo, lakini mkono wa mwenyeji ukalizungusha sinia la kioo lililokuwa katikati ya meza, taratibu, mpaka kichwa kikamwelekea tena. Kisha wote wakatulia. Bwana Zhao, mwenye kiwanda cha kukamua alizeti nje kidogo ya Ilongero, aliviweka vijiti vyake vya kulia juu ya bakuli. Mkewe naye akaviweka vyake. Hata mama yake Zhao, bibi kizee aliyeshinda akibangua mbegu za alizeti kwa meno, alikunja mikono mapajani. Mvuke ulipanda na hakuna aliyekula.

"Mama, onja," binti yake Janeth alinong'ona.

"Mwenye chungu ndiye huonja kwanza," Anastasia alijibu kwa Kinyaturu, huku akitabasamu ili wenyeji wadhani anasifu mapishi.

Kwao Issuna, hilo hata mtoto alilijua. Anayekukaribisha pombe hunywa funda la kwanza mbele ya macho yako, ili nawe unywe kwa moyo mweupe. Anayekusukumia chakula bila yeye kukigusa ana lake jambo. Na hawa walikuwa nalo, wala hawakulificha: walitaka kumpeleka China Janeth, mwanawe wa pekee, aliyekuwa mkalimani wao, akajifunze mitambo kwa miaka miwili na kuishi kwa ndugu zao. Janeth alisema haondoki bila kauli ya mama yake, na kauli ilitakiwa Jumatatu. Ndipo Zhao alipomwalika mama mtu aje alale kwao Jumamosi na Jumapili, awaone walivyo.

"Dada, nenda, lakini macho yawe wazi," kaka yake Ignas alikuwa amemwambia. "Mkono mtupu haulambwi, sawa. Huu uliojaa namna hii nao, jiulize umejazwa kwa nini. Mabinti wangapi wameitwa huko nje kwa kazi nzuri, mpaka leo ukipiga simu haipatikani?"

Wakati ule Anastasia alicheka. Sasa, mbele ya jicho jeupe la samaki, kicheko hakikuja.

"Kwao mgeni wa heshima ndiye huelekezewa kichwa," Janeth alisema. "Asipoanza yeye, hakuna anayekula. Wanakungoja wewe, mama."

"Sumu ya heshima nayo huua."

Akalowesha midomo kwa mchuzi, akajifanya anameza. Hapo vijiti vyote vikainuka. Siku nzima iliyobaki alikula wali mtupu, akimhesabia mke wa Zhao kila tabasamu. Walimpa kitanda kizuri, wakampa ndara mpya za kuvaa ndani. Kadiri walivyomtendea wema ndivyo alivyozidi kuogopa, maana ng'ombe wa kuchinjwa naye hupewa majani mazuri. Na yule bibi, akitafuna mbegu ambazo Singida nzima huzipeleka mashineni au kuwamwagia kuku, hakuacha kumtazama.

Jumapili asubuhi Anastasia aliamua kuwaonyesha adabu ilivyo. Alikifungua kibuyu cha pombe ya mtama alichokuja nacho, akamimina kikombeni, akampa bibi shikamoo. Kisha akanywa funda la kwanza, polepole, ili aonekane, na kumnyooshea kikombe kwa mikono miwili.

Uso wa bibi ukakunjamana. Alitamka maneno machache, makavu.

"Amesemaje?"

Janeth alikuwa ameinamisha kichwa. "Anasema mzee hupewa kwanza. Anauliza amekukosea nini hata umpe mabaki."

Anastasia alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. "Mwambie nimeonja kwa ajili yake! Ningekuwa na ubaya, ungeanzia tumboni mwangu."

Bibi alisikiliza tafsiri, akakitazama kikombe, akamtazama aliyekishika. Mtazamo ule Anastasia aliujua. Ndio huohuo aliomtazamia samaki jana. Kisha bibi akauliza neno, na Janeth akasita.

"Sema."

"Anauliza, jana ulidhani tumekutilia sumu?"

Angeweza kukana, adabu ilimtaka akane. "Mwambie ndiyo."

Bibi akacheka, kicheko kifupi kilichomtoa machozi. Akakipokea kikombe, akanywa, akakunja uso. Alieleza kwamba alipomfuata mwanawe huku, alikuja na mchele wake akauficha chini ya kitanda, akawa anajipikia huo tu mpaka ulipokwisha. Watu wa hapa walimtisha.

"Na sasa?" Anastasia aliuliza.

"Bado kidogo," Janeth alitafsiri. "Anasema ana mwana mmoja. Hakuweza kumzuia, ndiyo maana akamfuata."

"Na ambaye hana uwezo wa kumfuata wake, afanyeje?"

Bibi alichukua mbegu moja ya alizeti, akaibangua, akaitafuna, akahakikisha Anastasia ameona. Ndipo akamsogezea kisahani. Anastasia alikula. Ilikuwa na chumvi, na ilikuwa tamu. Lakini mbegu ni mbegu na binti ni binti, na bibi huyu hatakuwa huko China kumwonjea mtu chochote.

Mchana samaki aliletwa tena. Sinia lilizunguka, kichwa kikamjia, mikono ikatulia. Janeth hakumtazama samaki, alimtazama mama yake, na Anastasia aliona jinsi mwanawe anavyotaka kwenda, na jinsi anavyoogopa kutaka.

Akamega mnofu wa shavuni, akautia mdomoni, akameza kweli.

Zhao alikuwa ameshagusa vijiti. Lakini Anastasia aliweka kiganja juu ya kioo, akakisukuma. Kichwa kikampita Zhao, kikampita mkewe, kikampita bibi, kikasimama mbele ya Janeth. Bibi akavirudisha vijiti vyake chini, na wengine wakamfuata.

"Mama?"

"Anza wewe," alisema. "Mimi nimeshaonja."

Janeth akanyoosha mkono. Mezani kote walimngoja yeye, na Anastasia, akiwa ameufumba mdomo, aliendelea kupitisha ulimi polepole nyuma ya meno, akiitafuta ladha yoyote mbaya iliyompita.