Kebo Iliyolala

Fundi mtandao wa hospitali aliitwa Mbona, maana kila swali lake lilianza hivyo. Mbona taa hii ni ya njano? Mbona mlango huu una kufuli mbili? Wakubwa walilitamka jina lake kama watu wanaofukuza nzi. Mwulizaji huwachosha sana wale ambao kazi yao ni kutojibu.

Safari hii swali lilikuwa la kebo. Kati ya maabara na wodi ya wazazi ilipita kebo moja tu, imefukiwa ardhini, na kila mwisho wake palikuwa na swichi: si ile ya kuwashia taa, bali kisanduku chenye matundu kinachozigawia kompyuta mawasiliano. Mwaka uliopita jembe la wachimba mtaro liliikata kebo hiyo. Majibu ya damu yakakaa maabara, yako tayari, hayana pa kupita. Na wodini dada yake Mbona anavuja damu kitandani, daktari anatazama kioo kitupu. Dada alipona. Alipona kwa sababu mfagizi mmoja alikimbia na karatasi mkononi, si kwa sababu ya mpango wa mkubwa yeyote.

"Yaliyopita si ndwele," msimamizi wa hospitali alimwambia Mbona alipoomba kebo ya pili.

"Hayakupita, bosi. Yalikosa njia."

Msimamizi akacheka bila kupenda, akakubali. Kebo ya pili ipite darini, mbali na majembe. Lakini isipofanya kazi kufikia kesho ing'olewe, ipelekwe ukumbi wa mikutano, ambako wakubwa walilalamika picha zao zinakwamakwama.

Mbona akaivuta, akachomeka huku, akachomeka kule. Taa za swichi zote mbili zikaanza kupepesa kama zimepagawa. Kompyuta zikaganda. Wodi ikapiga kelele. Maabara ikapiga kelele zaidi.

"Njia mbili zilimshinda fisi!" msimamizi akasema mlangoni, kwa furaha ambayo hajawahi kuionyesha jambo lilipofanikiwa.

Mbona akaichomoa ya pili. Taa zikatulia. Mwingine angeona haya. Yeye alihisi mwasho mtamu kichwani. Mbona njia mbili ziwe mbaya kuliko moja? Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamkumbuka wifi yake. Wifi akitoa uvumi kwa mlango wa mbele, jirani humrudishia kwa mlango wa nyuma kama habari mpya; naye, keshasahau kwamba ni wake, huutoa tena mbele. Swichi nazo zilikuwa zinatangaziana "nani yuko hapo?", tangazo linazunguka, linazaana, mpaka neno la maana linakosa nafasi.

Dawa ni mlango mmoja ufungwe, ufunguke tu mwingine ukiziba. Swichi hujua kukubaliana hivyo zenyewe, lakini alipoingia kwenye mipangilio alikuta kuna mtu wa zamani aliyezinyima ruhusa hiyo. Akaziruhusu, akachomeka tena. Taa ya kebo ya ardhini ikawa kijani, ya darini ikawa njano, tuli. Akachomoa ya ardhini: pumzi chache tu, njano ikageuka kijani.

"Ewaa!"

Akarudisha kila kitu mahali pake, akabandika plasta kwenye kebo ya darini, akaandika kwa herufi kubwa: IMELALA.

Asubuhi msimamizi alikuja na wakubwa wenzake. "Tuonyeshe huo muujiza," akasema, na kwa mkono wake mwenyewe akachomoa kebo ya ardhini. Wakangoja. Pumzi chache zikawa nyingi. Simu ya wodi ikalia.

"Rudisha, bosi, kuna watu huko!"

Akarudisha, akipangusa mikono. "Basi. Ukumbini."

Mbona hakumsikia. Mbona haikuamka? Akaifuata kebo kwa vidole, kutoka darini, ukutani, hadi nyuma ya kabati. Ikaishia hewani, haijachomekwa popote, imeviringwa vizuri na kufungwa uzi. Uviringaji ule ulikuwa wa mtu mmoja tu: Fyuzi, fundi umeme mzee, asiyeweza kupita kitu kimekaa ovyo.

"Babu Fyuzi!" akaita, na mzee akachungulia mlangoni. "Umeichomoa wewe?"

"Si umeandika mwenyewe imelala? Lifti imelala. Friji imelala. Pampu imelala tangu bosi huyu ana nywele. Hapa kitu kikilala ndiyo kimekufa, mwanangu. Nimekuzikia."

Mbona akacheka hadi akashika ukuta. Kisha kicheko kikamwachia uchungu mdomoni. Jengo likiachwa mikononi mwa wasiosikia, hata neno la usingizi huwa neno la msiba.

Akabandua plasta, akaandika upya: INAKESHA. Akachomeka, akapiga simu wodini kuomba ruhusa, akasimama kando. "Chomoa tena, bosi."

Msimamizi akachomoa. Njano ikasita, ikasita, ikawa kijani. Akanyakua simu mwenyewe. "Wodi, mmekatika?"

"Mbona tunafanya kazi! Tukatike nini?" nesi akajibu.

Msimamizi akabaki na kebo mkononi, akiikodolea macho ile nyingine. "Mbona..." akaanza, asijue kama anamwita mtu au anauliza.

"Endelea, bosi," Fyuzi akasema. "Ukishaanza hutaacha."

"Na ukumbi wetu?" mkubwa mmoja akanong'ona.

"Ukumbi," akasema msimamizi, "acha ulale."