Kichwa Changu Mikononi mwa Bi Sihaba

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa uani nafua, mikono imejaa povu, mwanamke nisiyemjua akaingia, akatandika mkeka wake mwenyewe kwenye kivuli cha jiko, akavuta kigoda changu na kukaa. Chanuo alikuwa amelichomeka juu ya sikio kama fundi anavyochomeka penseli.

"Njoo ukae," akasema. "Nimekuja kukusuka."

Nikamwambia sikuagiza msusi.

"Najua. Ungekuwa umeagiza, nywele zako zisingefika hapo zilipofika."

Jina langu ni Warda. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya saikolojia, nimepangiwa kazi ya ushauri nasaha katika kituo kimoja cha afya hapa Kibiti, na nilitarajia kuwaponya watu wote wa wilaya kabla Ramadhani haijaingia. Tatizo lilikuwa mlango. Chumba changu kiliandikwa AFYA YA AKILI kwa herufi kubwa nyekundu, na kilitazamana na benchi la kina mama wanaosubiri kupima watoto. Atakayeingia pale, kabla hajatoka habari zimeshafika sokoni kwamba ana kichaa. Mtu pekee aliyewahi kuingia kwa hiari yake alikuwa anatafuta choo.

Kwa hiyo, mgeni alipokuja uani kwangu na chanuo, nilihisi hakufuata nywele. Nikasuuza mikono, nikakaa mkekani katikati ya magoti yake.

"Mimi Sihaba," akasema nyuma yangu. "Mtu wa visiwani, kule delta. Mafuriko ndiyo yaliyonileta huku. Wewe kwenu wapi?"

"Ruaruke."

"Ndiyo maana kichwa kigumu."

Chuoni tulifundishwa kumtazama mteja machoni na kutikisa kichwa kidogo, ajue unamsikiliza. Macho yangu yalikuwa yanatazama ndoo. Nilipotikisa kichwa, chanuo likanichoma.

"Tulia. Unasinzia?"

"Nakusikiliza."

"Sikiliza kwa masikio."

Akaanza kusuka twende kilioni, na huku akisuka akanipa kisa chake. Baadaye niligundua kwamba soko zima linakijua, watu humwita, "Bi Sihaba, tupe ile ya mbuzi." Mwaka ule wa mafuriko alipanda boti kutoka kisiwani kwao kwenda Nyamisati. Humo ndani walikuwemo abiria, mbuzi mmoja, na mzee Abdulatifu na cherehani yake. Boti ikapinduka. Mbuzi akafika nchi kavu wa kwanza, akasimama anawatazama wenzake kama bwana afya aliyekuja kukagua. Mzee Abdulatifu aliiita cherehani kabla hajamwita mkewe, na mkewe hajamsamehe mpaka leo. Bi Sihaba mwenyewe maji yalimpeleka mbali na wenzake, akakumbatia mkoko mpaka kulipokucha.

"Kaa wananipanda miguuni, mimi nawaambia, jamani, si mpige hodi kwanza?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Machozi mengine yalikuwa ya nywele. Maana niligundua jambo: kwa mbuzi, kwa cherehani na kwa kaa, vidole vyake vilikuwa vyepesi. Lakini kila aliporudia pale boti inapoondoka gatini, aliruka moja kwa moja mpaka wakiwa majini, na hapo hapo mkono ulivuta. Mstari mmoja wa kichwa changu ulisukwa kwa nguvu hata nyusi ya kushoto ikapanda, ikawa kama namshangaa kila mtu.

Alipomaliza akakusanya chanuo na mkeka. Akasimama, hakuondoka.

"Hebu niambie wewe uliyesoma. Hakuna aliyekufa. Hata mbuzi yuko hai, ameshazaa. Sasa mimi naugua nini?"

Akaniambia kwamba mvua ikipiga bati hapati usingizi. Mteja akitaka kuoshwa nywele, yeye hawezi kushika jagi la maji, husema leo dawa ya nywele imekwisha. Siku moja alishuka kwenye bodaboda kwa sababu ya dimbwi, akalizunguka kwa miguu huku dereva akimngoja ng'ambo na kumuuliza kama ana nadhiri.

"Na baada ya Idi anaolewa Habiba, mtoto wa dada yangu, huko huko kisiwani. Mimi ndiye somo wake. Nilimcheza unyago mwenyewe, nikamwahidi siku ya harusi yake nitamtoa ndani kwa mkono wangu. Kwetu bwana harusi anaweza kuchelewa, shehe anaweza kuchelewa, lakini somo asipokuwepo, bibi harusi hatoki. Na kule hakuna njia ya nchi kavu."

Nilikuwa na maneno mengi mazuri ya kitabuni. Nikayaacha.

"Mwili wako ulijifunza siku ile namna ya kukuokoa," nikasema. "Hakuna aliyeuambia kwamba ile siku imekwisha."

"Basi uambie wewe, ndiyo kazi yako."

"Mimi hautaniamini. Tutauonyesha kidogo kidogo, na wewe ndiye utakayesema leo tunafika wapi."

"Chumbani kwako kule siji."

"Njoo hapa."

"Nitasema nakusuka."

Ikawa hivyo. Mkuu wangu nilimweleza kwamba kuna mteja ninayemwonea nyumbani kwa sababu ya ule mlango. Akanitazama kichwani, akasema niendelee maadamu napendeza. Nikawa mwanamke anayesukwa kuliko wote Kibiti. Wauguzi walidhani nina mchumba.

Tulianza na beseni. Bi Sihaba alitia miguu kwenye maji, akanishika mkono, nami nikamfundisha kuvuta pumzi taratibu na kutaja vitu anavyoviona ili akumbuke yuko wapi.

"Naona ndoo," akasema kwa sauti inayotetemeka. "Naona kuku. Naona mshauri wangu amefua shuka na rangi imetoka yote."

"Vizuri. Endelea."

"Si vizuri, lile shuka limeharibika."

Akaweza beseni, akaweza jagi. Akarudi kuosha nywele za wateja, ingawa kwa siku za mwanzo aliwalowesha mpaka viatu. Tulikwenda Nyamisati tukakaa ndani ya boti iliyovutwa mchangani kuzibwa nyufa. Wapita njia wakatuuliza tunasafiri kwenda wapi.

"Ulaya," akajibu Bi Sihaba. "Tunangoja wenzetu."

Lakini boti iliyofungwa majini, yenye kucheza chini ya miguu, ilimshinda. Alirudi kila mara akiwa na jasho na hasira, nami kila mara nilimwambia haidhuru, ingawa Idi ilikuwa imekaribia, na nilianza kuota usiku bibi harusi anazeekea ndani.

Jumamosi iliyofuata alikuwa ananisuka kimya, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mara vidole vikasimama.

"Nilimwambia nahodha arudi," akasema.

Sikugeuka.

"Tulikuwa tumetoka kidogo tu. Nikaona maji yanakuja vibaya. Nikamwambia kwa adabu, nahodha, rudi. Akacheka. Akasema bado kidogo tu mama, usiwe mwoga. Watu wote wakacheka. Na mimi nikacheka, Warda. Nilijua, na nikacheka nao."

Nilitamani sana kuona uso wake, na nadhani kama ningeuona, asingesema. Nikaendelea kuitazama ndoo.

"Ulikuwa sahihi," nikasema.

Vidole vikaanza tena, taratibu, na mistari ile ya upande wa kulia haikuniuma kabisa.

Alipomaliza nilimwambia, "Siku ya kuvuka nitakaa pembeni yako. Ukisema rudi, tutarudi. Hata kama kisiwa kinaonekana. Sitakuuliza sababu."

"Wewe umekuwa nahodha lini?"

"Nitasema na nahodha."

"Unaahidi hivi hivi, au ahadi ya watu wa ofisini?"

"Naahidi."

Kwa neno hilo aliweza kukaa kwenye boti iliyofungwa, mara ya kwanza akiwa amefumba macho, mara ya pili akinitukana. Boti inayokwenda hatukuwahi kuipanda, siku zilikuwa zimetuishia. Nilimwendea nahodha Mashaka, ambaye angewavusha watu wa harusi, nikamweleza sharti letu. Akasema sawa, huku anakula muhindi.

Siku ya harusi tuliondoka Nyamisati asubuhi maji yakiwa yamejaa. Kule delta saa si kitu, kinachoangaliwa ni maji: yakipwa, vijito vinabaki tope, na boti inakaa ilipo mpaka yajae tena. Tulikuwa wanawake watupu na ngoma zetu na masufuria ya pilau. Mkubwa wa msafara alikuwa Bi Mwamvua, shangazi wa bwana harusi, mwanamke ambaye hata akinong'ona ng'ambo wanasikia. Mimi sijui kuogelea. Nilikuwa nimekaa katikati nimeshika ubao kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ameushika Bi Sihaba.

Alivuta pumzi. Akataja vitu. "Naona mikoko. Naona sufuria. Naona Mwamvua, basi, nafumba macho."

Tulipofika kijito kinapofunguka, wimbi dogo likagonga ubavu. Mkono wake ukaniachia, ukapanda kichwani kwangu na kushika mikia ya nywele alizozisuka jana yake.

"Rudi," akasema.

Alisema chini sana, kwa adabu. Mashine inanguruma, wanawake wanaimba. Aliyesikia ni mimi peke yangu. Ng'ambo niliona moshi wa majiko ya harusini. Nilijua kwamba nikinyamaza kidogo tu tutafika, Habiba atatolewa ndani, na nitasifiwa kuwa nimemponya mtu. Nilijua pia kwamba tukirudi, maji hayatatungoja.

Nikasimama. Boti ikayumba, sufuria likateleza, wimbo ukakatika.

"Nahodha, geuza."

Mashaka akanitazama. "Dada, maji yanakupwa. Tukirudi sasa hatuvuki mpaka alasiri."

"Ulisema sawa."

"Ile ilikuwa sawa ya nchi kavu."

"Kwani kuna nini?" akauliza Bi Mwamvua. "Tumesahau kitu? Shehe anangoja kule. Bado kidogo tu."

Nywele zangu zikavutwa mpaka nikaona nyota.

"Nimesema rudi," akasema Bi Sihaba, safari hii kila mtu akasikia.

Mashaka akatutazama sisi wawili, akayatazama maji, akatikisa kichwa kama anayeuza kitu kwa hasara. Akageuza.

Hakuna aliyecheka. Tulifika Nyamisati, na kabla hatujamaliza kushusha masufuria maji yakaanza kutukimbia. Boti ikalala ubavu kwenye tope.

"Hiyo shahada yako," Bi Mwamvua akaniuliza, "ulisomea kuvunja harusi, au hilo umejiongezea mwenyewe?"

Simu zikaanza kupigwa. Habiba amesema hatoki ndani mpaka somo wake afike. Shehe amekwenda kulala. Bwana harusi anauliza kama bado ana mke. Jua likapanda, pilau likaanza kuliwa, kwanza kwa kuonja, halafu kwa sahani. Kila aliyepita mbele yangu alinitazama kama mtu aliyepoteza ufunguo wa nyumba ya watu, na nilianza kuamini hivyo mwenyewe.

Bi Sihaba alikuwa amekaa mchangani, anatetemeka. Nikakaa pembeni yake. Kutetemeka kukapungua. Halafu akajilaza, kanga usoni, akalala kabisa, anakoroma, katikati ya kelele zote zile.

Alasiri maji yakarudi. Aliamka mwenyewe, akatikisa mchanga kwenye kanga, akaenda mpaka kwa Mashaka.

"Kumbe boti yako ukiambiwa geuza, inageuka."

"Inageuka, mama."

"Na nikisema tena?"

Mashaka akashusha pumzi, akamtazama Bi Mwamvua, kisha akanitazama mimi. "Itageuka tena."

Bi Sihaba akapanda wa kwanza.

Tulipofika pale kijito kinapofunguka, Mashaka alipunguza mashine bila kuambiwa. Hakuna aliyeimba. Wanawake wote walikuwa wanamtazama yeye, na Bi Mwamvua alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, nadhani kwa nguvu zake zote. Vidole vilikuwa tayari kichwani kwangu, na mstari wa kushoto ulikuwa umeanza kufumuka.

"Bi Sihaba," Mashaka akauliza, "hapa vipi?"

Uso ulikuwa umempauka. Akainama ubavuni mwa boti, akatapika pilau lote la mchana, akasukutua kwa maji ya chumvi, akajifuta.

"Twende," akasema. "Nilimwambia yule mtoto nitakuja."