Video ya Flora Isiyofutika

Kwa Kasmiri pale Nyakato, Musoma, kwenye studio yake ya video za sherehe, watu hawakosekanagi. Benchi la wateja tumelikalia sisi, na tukiishiwa habari tunamwambia, "Kaka Kasmiri, hebu tuwekee Flora."

Anatuwekea. Flora siku ya sendofu yake, anaagwa kwao kabla ya harusi, gauni linameremeta, kashika maiki, anatunyooshea kidole mmoja mmoja: "Gaudensia, utazeekea kwenu! Rhobi, wako atakuacha, wangu huyu hapa!" Chrispin, mchumba wake, kakaa pembeni, anatabasamu tu. Harusi yenyewe haikufika. Chrispin alimuoa Penina, wakahamia Bunda, huko Kabasa. Sisi tukabaki na video.

Alhamisi Flora akaingia mwenyewe, kajifunika kitenge mpaka puani.

"Kaka yangu Kasmiri, ifute. Jumamosi mashangazi wa Amos, mchumba wangu, wanatoka Butiama kuja kuniona. Wakiiona hiyo, sina ndoa tena."

"Haifutiki, dada. Umesahau? Ile ya harusi ya dada yako niliifuta kwa bahati mbaya nikisafisha kompyuta. Ukaja hapa unafoka: ya kwangu ifunge. Nikaifunga. Kuangalia, anaangalia yeyote. Kufuta, mpaka neno la siri. Na neno la siri ukasema..."

"Aweke mume wangu!" Rhobi akamalizia, sauti ya Flora kabisa, na mabega akayatingisha vilevile. Tulicheka mpaka mangi wa duka la jirani akaja kuchungulia.

Kasmiri akajaribu kufuta, tuone wote. Kompyuta ikajibu: huna ruhusa. Njia nyingine alikuwa anaijua, kompyuta si yake? Lakini Kasmiri naye anapenda benchi likijaa.

"Si umpigie," Gaudensia akasema. "Na uweke spika, tumsalimie shemeji."

Flora alituangalia. Hakuna aliyeinuka. Akapiga.

"Nani?"

"Ni Flora. Naomba lile neno la siri la video. Niifute, yaishe."

Huko nyuma mwanamke akauliza ni nani. Chrispin akamjibu, "Mtu tu wa Musoma." Halafu akarudi kwenye simu: "Andika Penina. P kubwa."



"Chrispin, siku ile unaliweka mimi si nilikuwa nimekaa na wewe hapahapa?"

"Ulikuwa umeniegemea begani, umefumba macho," akasema, akakata.

Kasmiri angeweza kuandika yeye. Akamsogezea kibodi. Flora akaanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja, kilekile cha siku ya sendofu, huku Rhobi akimsomea taratibu kama mwalimu wa chekechea: "Pe... ni... na. Haya, mtoto mzuri, bonyeza."

Kompyuta ikakubali. Video ikaondoka. Flora akamshukuru Kasmiri, akajifunga kitenge vizuri, akatoka bila kutuaga.

Jumamosi mashangazi wa Amos wakashuka palepale mbele ya studio, viatu vina vumbi la Butiama, wanaulizia kwa Flora wa Kitaji. Tukawapisha kwenye benchi. Soda zikaletwa. Kwenye kompyuta ya Kasmiri hapakuwa na kitu.

"Mama zangu," Rhobi akasema, kashika chupa ya soda kama maiki, "kabla hamjafika huko, kaeni kwanza."