Fimbo ya Wade Crouch

Shangazi yangu Odile Fontenot hakuwahi kupigana na mtu mpaka alipofikisha miaka sitini na minane, na siku alipopigana, alimvunja mtu mkono.

Ilikuwa Machi, kwenye mashindano ya mbwa wanaookota ndege waliopigwa risasi, katika mashamba ya mpunga huku kwetu Louisiana. Mbwa wake Sucre, jike mweusi wa Labrador, alikuwa amefika raundi ya mwisho. Aliyemwongoza ni Wade Crouch, mkufunzi aliyekuwa naye tangu mbwa ana mwaka mmoja. Crouch alikuwa bingwa, na kila mtu alijua mkono wake ni mzito kwa mbwa. Tulilijua hilo na bado tulimpelekea mbwa wetu.

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kurusha bata waliokufa ng'ambo ya bwawa huku mwenzangu akifyatua bunduki, kwa hiyo nilimwona Sucre akija moja kwa moja kwangu. Mbwa anatakiwa aogelee mstari ulionyooka. Akikwepa maji na kuzunguka ukingoni, ameshindwa. Alipofika katikati akaanza kupinda kuelekea ukingoni. Crouch akapuliza filimbi. Sucre akageuka majini kumtazama, na Crouch akainua mkono kumwonyesha njia. Mkono ule ulipopanda tu, mbwa akanywea. Akaogelea haraka hadi nchi kavu, akalala kifudifudi kwenye matope, bata akielea mbele yake.

"Mwite mbwa wako," mwamuzi akasema, maana yake ametolewa.

Nilikuwa nazunguka bwawa kurudi, gunia la bata begani, niliposikia mlio kutoka nyuma ya magari. Nikatupa gunia nikakimbia. Crouch alikuwa amemfunga Sucre kwenye bampa la pikapu, kamba fupi mno hata hakuweza kulala, na anampiga fimbo za mbavu, taratibu, bila hasira. Shangazi alikuwa amenitangulia, kikombe cha kahawa mkononi.

"Wade, acha."

"Nenda kakae, mama. Kazi hii umenipa wewe."

"Nimesema acha."

"Zile tepe za ushindi ulizotundika sebuleni, ulidhani nilizipata kwa kumbembeleza?"

Akageuka akampiga mbwa tena. Shangazi akammwagia kahawa shingoni. Crouch akapiga yowe, fimbo ikamponyoka, na kabla hajainama, Shangazi alishaiokota. Pigo la kwanza lilitua kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Nilisikia mfupa ukivunjika. Crouch akamrushia ngumi ya kushoto, ikampata mdomoni, Shangazi akaangukia gurudumu. Nilidhani yamekwisha. Shangazi akainuka, damu ikimchuruzika kidevuni, akampiga fimbo ya goti, akampiga ya sikio, na Crouch alipoanguka akaendelea kumpiga.

"Basi, mama," Crouch akawa anasema, mkono mzima kichwani. "Basi, nimekoma."

Nilimshika Shangazi kiunoni. Akanigonga paji la uso kwa kiwiko, nikamwachia. Nasema ukweli, sikumshika kwa nguvu zangu zote.

Kilichomsimamisha ni Sucre. Kila fimbo iliyoshuka juu ya Crouch, mbwa alikuwa anaruka na kulia kana kwamba imemshukia yeye, na mkojo unamtiririka miguuni. Shangazi akamwona. Akabaki ameinua fimbo juu, anahema, kisha akaitupa chini ya gari na kwenda kumfungua. Sucre akamkimbia, akajificha nyuma yangu.

Crouch alitiwa vyuma vya kuunga mfupa mkononi, na sikio lile halijasikia vizuri mpaka leo. Shangazi alipoteza meno mawili na kupewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Wote wawili walifukuzwa kwenye mashindano maisha yao yote. Shangazi hakukata rufaa.

Siku ile ile, njiani kurudi nyumbani, aliongea mara moja tu, kitambaa kilichojaa damu mdomoni.

"Remy, niliona alama mwaka jana. Mbavuni, chini ya manyoya."

"Ulimwuliza Wade?"

"Nilimwuliza. Akasema ni waya wa seng'enge. Nikakubali, maana nilitaka kukubali."

Ilichukua miezi mitano hadi Sucre akakubali kula huku Shangazi yuko chumbani. Hajaogelea tena. Desemba tulikwenda kuwinda, sisi watatu, na bata wa kwanza aliyepigwa na Shangazi alipoangukia majini, Sucre akakaa ukingoni anatetemeka, macho kwenye mikono yetu. Shangazi akanipa bunduki yake, akaingia majini na buti zake ndefu, maji yakamfika kifuani, akamleta bata mwenyewe huku anatukana baridi.

Nilikuwa namtazama mbwa, maana kazi ile ilikuwa yake.

"Usimwangalie hivyo," Shangazi akaniambia. "Bata nimemwua mimi."